Heshima ya Nyumba na Pumzi ya Mtoto

Katika mtaa wa Buyenzi, uliopimwa na watawala wa Kibelgiji zamani mji wa Bujumbura ulipokuwa ungali ukiitwa Usumbura, na ambao barabara zake zilizonyooka huitwa kwa nambari mpaka leo, ni nadra kuona nyumba ya Mswahili, hata iwe ya udongo na mabati yaliyoshika kutu, isiyokuwa na chumba kimoja kilichotengwa kwa ajili ya heshima. Humo hutandikwa zulia lililo bora kuliko yote yaliyomo nyumbani. Humo hutundikwa mapazia mazito yenye marinda. Humo huwekwa mito ya sufi iliyoshonwa na bibi kwa mkono wake, na chetezo ambacho moshi wake humpokea mgeni kabla hajaketi. Mimi nililelewa katika nyumba ya namna hiyo, wala sisemi neno la kuidharau, kwani ukarimu wa wazee wetu ulikuwa ni ilimu kwetu kabla hatujaujua ubao wa shule. Lakini umri umenifikisha mahali pa kuyapima mambo, na jambo moja nimeliona kwa yakini: vitu vilivyomdhuru mdogo wangu, hata akawa usiku huketi kitandani akitweta ilhali watoto wenziwe wamelala, havikufichika kwetu kwa sababu ya udogo wavyo tu, vilifichika kwa sababu tulivipenda, na mtu hamshitaki ampendaye.

Huyo mdogo wangu, mtoto wa kike aliyenifuata kwa kuzaliwa, alianza kuugua kabla meno yake ya utoto hayajaanza kung'oka. Asubuhi aliamka na chafya zisizo idadi, pua ikimtiririka maji, macho mekundu yakimwasha, na jua likipanda hali ile hutulia, tukasema amepona. Kisha usiku ukiingia, na hasa katika miezi ya mvua, ambayo kwetu huanza Septemba au Oktoba na kuendelea mpaka Mei, kifua humbana, kikapiga mluzi uliosikika mpaka chumba cha pili. Kila mtu alikuwa na neno lake. Majirani walisema ni upepo wa ziwa Tanganyika. Wengine walisema ni vumbi la kiangazi litokalo katika tambarare ya Rusizi, kauli ambayo ingekuwa na nguvu lau maradhi yale yangalimzidi wakati wa kiangazi, na hayakumzidi. Wako pia walionong'ona habari za jicho la hasidi. Rai zao zilikuwa mbalimbali, lakini katika jambo moja waliafikiana wote, nalo ni kwamba adui yuko nje. Na kwa kuwa yuko nje, dawa yao wote ilikuwa ni kufunga madirisha.

Likizo moja katika miaka ya 1980, mama alimchukua kwenda Ujiji, upande wa Tanzania, kwa shangazi yetu, nami nikawa miongoni mwa wasafiri. Siku zile meli ya Liemba, ile iliyoundwa na Wajerumani katika mji wa Papenburg mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikaletwa vipande vipande na kushushwa majini Kigoma mwaka 1915, ilikuwa bado ikitia nanga katika bandari ya Bujumbura. Hatukuwa na fedha za chumba. Tulilala sitahani juu ya mkeka, katikati ya magunia na wachuuzi na watoto wa watu, na mdogo wangu, aliyekuwa wazi kabisa kwa upepo ule ule wa ziwa ulioshitakiwa na majirani, alilala mpaka alfajiri bila ya kukohoa. Huko Ujiji shangazi, aliyekuwa mjane wa hali ya chini, alikuwa na vitanda vya kamba vyenye mikeka ya ukindu, sakafu ya udongo iliyonyunyiziwa maji kabla ya kufagiwa, na dirisha lisilo na pazia. Muda wote tuliokaa kwake mtoto hakuugua. Shangazi alisema ni hewa ya Ujiji. Mama alisema ni dua, wala mimi sina haja ya kuikana baraka ya dua. Tuliporudi, bibi alikuwa amekwisha kumwandalia mjukuu wake mapokezi yanayomstahili: mto mpya wa sufi umewekwa kitandani, zulia la wageni limehamishiwa chumbani kwake, na chumba kizima kimefukizwa udi. Usiku wa manane haujafika, tulikuwa njiani kwenda hospitali.

Aliyetufumbua macho ni tabibu mmoja Mrundi, mtu wa makamo, mpole wa maneno, ambaye baada ya kumpa mtoto dawa ya kufungua kifua hakutuaga, bali alivuta kiti akaketi mbele ya mama na kuisikiliza habari yote, pamoja na ile ya safari.

"Mama, uniwie radhi kwa maswali yangu," alisema. "Mtoto huyu hulala wapi?"

"Hulala na bibi yake, daktari."

"Juu ya nini?"

"Juu ya godoro la sufi. Ndilo zuri tulilo nalo."

"Na melini alilala juu ya nini?"

Mama alinyamaza kitambo. "Mkekani," akasema.

Yule tabibu hakuongeza neno la lawama. Alieleza tu kwamba mwili wa mwenye mzio hupotea katika hukumu yake: kitu kisichokuwa na sumu, ambacho kwa watu wengine hupita bila ya habari, wenyewe hukidhania kuwa ni adui, ukakitengenezea kingamwili ya aina yake. Nimekuja kusoma baadaye kwamba kingamwili hiyo, iitwayo IgE, ilitambuliwa katika miaka ya 1960 na wataalamu waliokuwa Marekani na wengine wa Uppsala, Swideni, kila upande kwa njia yake. Hujishikiza juu ya chembe zilizomo katika utando wa macho, wa pua na wa mapafu; na kitu kile kikirudi tena, chembe hizo humwaga histamini na vitu vinginevyo, utando ukavimba, kamasi zikazidi, na njia za hewa zikabana. Clemens von Pirquet, tabibu wa watoto wa mji wa Vienna, ndiye aliyeipa hali hii jina lake la kitaalamu mwaka 1906; lakini takriban miaka elfu kabla yake Abu Bakr al-Razi, mzaliwa wa Rayy katika nchi ya Uajemi, alikwisha kuandika risala juu ya mwanachuoni Abu Zayd al-Balkhi, aliyekuwa akishikwa na mafua kila majira ambayo waridi huchanua. Habari hiyo hunirudia mara kwa mara. Kilichomuudhi bwana yule mkubwa ni ua lenyewe lililosifiwa na watu wote, lililopandwa katika bustani za watu wenye hadhi na kutiwa katika maji ya marashi.

Basi tabibu aliomba ruhusa ya kuja nyumbani, akaja, na akaanza na kitanda. Ndani ya magodoro, mito, mazulia na viti vya kitambaa huishi utitiri wa vumbi, viumbe wa jamaa moja na kupe na buibui, ambao urefu wao hauzidi nusu ya milimita, na chakula chao ni magamba ya ngozi tuyapukutishayo sisi wenyewe tulalapo. Hawaumi wala hawanyonyi damu. Hata maji hawanywi. Hufyonza unyevu uliomo hewani, na kwa hiyo hewa ikikaa kavu kwa muda mrefu hukauka na kufa, lakini katika mji ulio kando ya ziwa, wenye joto mwaka mzima na mvua kwa miezi minane, chumba kilichofungwa madirisha ni neema kwao. Kimdhurucho mwenye mzio ni kinyesi chao hasa, ambacho hukauka kikawa vumbi laini na kupaa kila kitanda kinapotikiswa. Hao ndio ambao Voorhorst na Spieksma, wataalamu wa Leiden katika Uholanzi, waliwataja mwaka 1964 kuwa ndio sababu ya watu wengi kudhurika na vumbi la nyumbani, baada ya miaka mingi ya matabibu kulishuku vumbi bila ya kujua ndani yake mna nini.

Nilipoyasikia hayo nilimkumbuka bibi na desturi yake. Kila jioni, kabla ya kumlaza mjukuu wake, alikuwa akiushika mto ule wa sufi kwa mikono miwili, akaupigapiga na kuukunguta mpaka ukafura na kuwa laini, kisha akamlaza mtoto kichwa chake juu yake na kumfunika shuka mpaka shingoni. Hapakuwa katika siku nzima na tendo lililojaa mapenzi kuliko lile, na hapakuwa na lililomletea mtoto madhara zaidi. Nani angalithubutu kulishuku? Hakika hata yule tabibu, alipofika katika habari ya mto, alimtazama bibi, akainamisha macho, akaanza kwa kumsifu ushonaji wake.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo mimi sijalisoma katika vitabu vingi, nalo lahusu kahawa, mali iliyoijulisha Burundi katika masoko ya ulimwengu. Marehemu baba alikuwa mpimaji katika ghala moja la kahawa, na alipofika nyumbani jioni, nguo zake za kazi zikiwa zimetiwa weupe na vumbi la kahawa mbichi, mdogo wangu ndiye aliyekuwa wa kwanza kumrukia na kuuficha uso wake kifuani mwake. Fauka ya hayo, magunia yaliyochakaa ghalani waliruhusiwa wafanyakazi kuyachukua, na kwetu yalitandikwa chini ya magodoro ili kuzuia baridi ya sakafu. Matabibu wa wafanyakazi wamejua kwa miaka mingi kwamba vumbi la kahawa mbichi huleta mzio wa pua na pumu kwa wapakiaji na wachambuzi, na kwamba magunia yake aghalabu huwa na vumbi la mbarika, ambalo ni kali zaidi, pale yalipotumiwa au kusafirishwa pamoja na mazao hayo. Vumbi la kazini huja nyumbani kwa nguo. Baba alipoambiwa, hakusema kitu. Tangu siku ile alikuwa akivua koti lake uani, akanawa uso na mikono, akabadili shati, kisha ndipo akamwita binti yake. Kahawa ile ndiyo iliyotulisha na kutusomesha, na sikumsikia baba hata mara moja akiitaja kwa ubaya.

Ugumu ulikuwa katika buhuri. Udi na ubani kwa mama havikuwa anasa. Vilikuwa ni sehemu ya usafi, ya ibada na ya kumtukuza mgeni, na kuvikataza katika nyumba ya Buyenzi usiku wa Ijumaa ni neno zito. Tabibu alipambanua vizuri. Moshi, alisema, si lazima uwe ndio asili ya mzio, lakini utando wa mapafu uliokwisha kuvimba kwa sababu nyingine hauwezi kuustahimili: moshi wa udi, wa mbabula ya makaa iliyoingizwa ndani kwa kukimbia mvua, wa sigara, na wa ile dawa ya mbu ya kuzunguka ambayo tuliiwasha kando ya kitanda kila usiku tukiamini tunamhifadhi mtoto. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ilipimwa, ikaonekana kwamba baadhi ya dawa hizo, ikiteketea moja tu, hutoa chembechembe laini za moshi sawa na zile za sigara 75 mpaka 137. Nasi tulikuwa tukiiwasha na madirisha tumeyafunga. Hata hivyo malaria katika tambarare yetu si jambo la kufanyiwa masihara, na mtu atakayeizima dawa ile bila ya kutundika chandarua amehama kutoka hatari moja kuingia nyingine. Chandarua ndicho cha kukimbiliwa, nacho pia kifuliwe, maana hushika vumbi kama pazia.

Paka wetu, ambaye Waislamu wa kwetu humpenda kwa kumkumbuka Abu Huraira, sahaba wa Mtume aliyewapenda paka, aliondolewa chumbani ingawa hakuondolewa nyumbani. Kidhuricho kwa paka si manyoya yake, kama watu wadhanivyo, bali ni mate na mafuta ya ngozi yake, ambayo hukauka juu ya manyoya na kupeperuka, yakabaki hewani kwa saa nyingi na katika viti kwa miezi hata baada ya paka mwenyewe kuondoka. Jikoni mlikuwa na mende, ambao kinyesi na mate yao ni katika vizio vikali kabisa vya watoto wa mijini, na walikuwa wakikusanyika katika pishi la unga wa muhogo na katika kikapu cha samaki wa ndagala waliokaushwa. Hapo kazi ilikuwa nyepesi, kwani hakuna aliyempenda mende, na vyombo vyenye vifuniko vilipatikana sokoni siku ya pili.

Nataka kusema jinsi mama alivyolichukua shauri lile, kwa kuwa ndimo yalimo mafunzo makubwa niliyoyapata maishani kuliko ya shule zote. Hakutupa kitu cha mtu. Alimwendea bibi, akaketi chini ya miguu yake, akamwambia, "Mama, mito yako ni mizuri, nataka ikae chumba cha wageni ambako watu wataiona." Bibi akafurahi. Mtoto akapewa mto wa nguo za pamba zilizokunjwa, unaofunguliwa na kufuliwa kwa maji ya moto kila juma. Magunia yalikwenda kuhifadhia makaa. Zulia likarudi mahali pake, na godoro likawa linatolewa uani siku za jua, likageuzwa upande huu na huu toka asubuhi mpaka alasiri, kisha likapigwa kwa fimbo mbali na mtoto, maana jua huua utitiri lakini haliondoi kinyesi chao. Wataalamu wawili wa Sydney walithibitisha mwaka 1994 kwamba mazulia yakiwekwa nje katika jua kali, utitiri waliomo huweza kufa wote. Mama hakuwa na habari ya Sydney, alikuwa na jua la Bujumbura. Sakafu ikapigwa deki kwa kitambaa kibichi badala ya kufagiwa kavu. Chetezo kikahamia barazani, mgeni akafukizwa penye upepo, na hapana mgeni aliyesema amevunjiwa heshima.

Hayo yote yalifanywa kwa pamoja, na nasisitiza hilo kwa sababu wako watu wanaonunua kitu kimoja wakidhani wamemaliza. Utafiti mkubwa wa Uingereza wa mwaka 2003 uliowahusu watu wazima wenye pumu ulionyesha kwamba kulifunika godoro kwa kitambaa kisichopenyeka, bila ya jambo jingine, hakukuwaletea nafuu. Wala usafi haukuwa badala ya dawa: mdogo wangu aliendelea kutumia dawa ya kuvuta aliyoandikiwa, na anaitumia mpaka leo. Tofauti ni kwamba usiku ulirudi kuwa wa kulala.

Kisha vikaja vita. Tangu Oktoba 1993, baada ya kuuawa Rais Melchior Ndadaye, watu wa Bujumbura waliishi miaka mingi chini ya amri ya kutotembea usiku, na Buyenzi, mtaa uliowapokea watu wa kila kabila, ulijaa wakimbizi katika vyumba vyake. Tulirudi kufunga madirisha, safari hii kwa kuogopa risasi. Makaa yaliwashwa ndani. Watu walilala chini ukutani, wengi katika chumba kimoja, juu ya chochote kilichopatikana. Na mwenye kushikwa na pumu saa tatu za usiku hakuwa na njia ya kwenda hospitali mpaka kupambazuke. Mambo haya ya vumbi na moshi watu huyahesabu kuwa ni ya watu wenye nafasi. Mimi nimeyaona katika dhiki, na nakiri kwamba hapo ndipo yalipotufaa, kwa sababu mama alikuwa amekwisha kujua ni kipi cha kutoa nje kabla ya jua kuchwa: mbabula kwanza, kisha busati, na mikeka ndiyo iliyobaki.

Katika miaka hii ya karibuni adui mwingine ameingia kwa mlango wa maji. Tangu mwaka 2020 mto Rusizi umefurika katika eneo la Gatumba, karibu na Bujumbura, na ziwa limepanda hadi nyumba za pwani yake, na ukuta uliokaa majini huota kuvu na koga nyuma ya kabati, chini ya rangi, ndani ya dari, nazo hutoa chembe zipeperukazo ambazo huamsha pumu kama vile utitiri. Watu wengi, maji yakipungua, huharakisha kupaka chokaa ili nyumba ipate sura ya nyumba. Nawafahamu, na nawasihi wangoje: ukuta hukwanguliwa, husuguliwa kwa sabuni, hufunguliwa upepo mpaka ukauke mpaka ndani, na hapo ndipo rangi, kwani koga iliyofunikwa kwa rangi hutokeza tena.

Jamaa zetu wa Gatumba walipofurikiwa walikimbilia kwa huyo mdogo wangu, ambaye sasa ni mama wa watoto na mwenye nyumba yake. Mjomba alikuja na mkewe na wajukuu, na juu ya mkokoteni alileta godoro la sponji, kitu pekee alichookoa, limelowa na limeanza kuota madoa meusi. Mzee aliyekosa kila kitu, utamwambiaje kwamba godoro lake halitaingia ndani? Mdogo wangu alimpokea mizigo, akamketisha, akampa maji, na baada ya kupumzika akamwambia, "Mjomba, kitanda changu ni chako usiku huu na kila usiku utakaokaa. Godoro hili lina koga, na mimi nikilala nalo chumba kimoja utanipeleka hospitali." Mjomba alilikagua, akalinusa, akaona ni kweli. Wakalibeba wawili mpaka uani, na mkeka ukatandikwa.